Askari wako anaweza kupenda, lakini hawezi kuwa hakujua

*"Mwalimu, naandika riwaya yangu ya kwanza. Mhusika ni askari wa Kijerumani wa miaka ishirini na minne, yuko Belarus iliyotekwa na Wajerumani, na Agosti 1943 anapewa ruhusa ya wiki mbili kwa sababu mji wake, Hamburg, umeungua kwa mabomu. Anampenda msichana kondakta wa tramu, wanaoana, na mwishoni anatoroka jeshi, wanakimbilia Sweden. Rafiki yangu aliyesoma rasimu anasema mapenzi ya namna hiyo hayawezekani katikati ya maiti, na kwamba nimemfanya askari wa Hitler malaika. Nilimjibu kuwa askari wangu hakujua maovu, alikuwa fundi wa simu tu. Hakukubali. Je, nimgeuze awe mpinzani wa siri? Au niache kabisa kwa kuwa hii si hadithi yetu? Babu yangu alikuwa Keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Waingereza, alipigana Burma, akafa bila kutusimulia kitu. Labda ndiyo maana naandika. Tangu nifike sura ya moto, silali vizuri."*

Ndugu yangu, nimesoma rasimu uliyoiambatisha na barua yako mara tatu, na sentensi zako tatu za mwisho nimezisoma zaidi ya hapo. Nitazirudia. Kwanza nikuambie ninavyokuelewa: umemuumba kijana, umekaa naye miezi, umempenda kama mwandishi anavyopaswa kumpenda mhusika wake, kisha rafiki yako akakuonyesha sare aliyovaa. Sasa unatafuta namna ya kumvua sare hiyo ili uendelee kumpenda. Jibu langu litakuwa refu kwa sababu rafiki yako amekosea jambo moja na amepatia jingine, na lile alilopatia ndilo litakaloiokoa riwaya yako.

Alilokosea ni la mapenzi. Anadhani watu waliozungukwa na maiti hawapendani. Kumbukumbu za watu walioishi miaka ile zinaonyesha kinyume, na sababu inaeleweka ukijua ruhusa ya askari ilivyokuwa inafanya kazi. Askari alibeba karatasi yenye muhuri na tarehe ya kurudi. Siku zilikuwa zinahesabika kwake na kwa msichana pia. Mambo ambayo kwetu yangechukua mwaka, kujuana, kuulizana ukoo, kutuma mshenga, wazee kukaa kikao, yote yalibanwa ndani ya siku kumi na nne. Na wazee wenyewe mara nyingi hawakuwepo: wamekufa, wamehamishwa mashambani, au hawajulikani walipo. Kijana na binti walijikuta hawana wa kuwazuia wala wa kuwashauri. Ukichanganya upweke wa namna hiyo na tarehe ya mwisho inayojulikana, mapenzi huja mbio. Kwa hiyo usiyapunguze kasi ukidhani msomaji hatayaamini. Mwonyeshe karatasi ile yenye muhuri mapema, sura ya kwanza kabisa, na ataiamini kasi yote inayofuata.

Ila uwe sahihi kuhusu mji. Hamburg ilishambuliwa kuanzia usiku wa tarehe 24 Julai hadi 3 Agosti 1943, na usiku uliobaki kwenye historia ni ule wa 27 kuamkia 28 Julai. Hali ya hewa ilikuwa ya joto na ukavu. Waingereza walidondosha mabomu ya moto kwa wingi sana kwenye mitaa ya mashariki iliyobanana nyumba za wafanyakazi: Hammerbrook, Hamm, Rothenburgsort. Mioto midogo iliungana ikawa mmoja. Hewa ya moto ilipanda juu kwa nguvu, na ilipopanda ikavuta hewa ya pembeni kuijaza nafasi yake, ndipo upepo ukageuka dhoruba iliyong'oa miti na kuwaburuta watu motoni. Lami iliyeyuka barabarani. Wengi waliojificha kwenye vyumba vya chini ya nyumba hawakuguswa na ndimi za moto. Waliuawa na hewa yenye sumu, wakiwa wamekaa. Waliokufa katika mashambulizi yale yote hawapungui 34,000, na watu wapatao 900,000 waliukimbia mji.

Kwenye rasimu yako, tramu ya msichana inapita Hammerbrook mwezi Agosti. Haiwezekani. Eneo lile lilifungwa, likazungushiwa ukuta. Mpe njia upande wa magharibi, na mwache kila siku afike mahali ambapo reli inaishia ghafla, abiria wote washuke. Weka pia maandishi ya chaki kwenye kuta zilizobaki, "Tuko hai", na chini yake anwani mpya, kwa sababu ndivyo ndugu walivyotafutana. Na waliokuwa wanachimbua maiti na kutegua mabomu ambayo hayajalipuka, wengi wao walikuwa wafungwa wa kambi ya mateso ya Neuengamme, iliyokuwa ndani ya mipaka ya mji wenyewe, wamevaa nguo za mistari. Wapenzi wako wawili wakitembea jioni wangewaona. Kwenye kurasa zako mia mbili hawajawaona hata mara moja. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa rafiki yako analalamikia nini.

Kabla ya hapo, neno kidogo kuhusu ndoa, maana umeipitisha kama kwenda dukani. Askari alihitaji kibali cha kamanda wake, na pande zote mbili zilihitaji vyeti vya kuthibitisha ukoo, kwamba hakuna babu wala bibi Myahudi. Fikiria binti anatafuta cheti cha ubatizo cha bibi yake kwenye kanisa lililoungua! Wiki mbili zinaweza zisitoshe, na zisipotosha serikali ile ilikuwa na njia nyingine: ndoa ya mbali. Bwana harusi alitamka nia yake mbele ya kamanda huko vitani. Siku nyingine bibi harusi alikwenda peke yake kwa msajili, na mezani, mahali pa mume, iliwekwa kofia ya chuma. Ndoa ilikuwa halali kabisa. Nakuomba sana uiandike sura hiyo. Mke wa askari alipata pia posho nzuri ya serikali, na mjane alipata pensheni, na watu walilijua hilo siku ya kutia saini. Usiogope kuliweka. Binti anaweza kumpenda mtu kwa moyo wake wote na bado akajua hesabu ya kadi za mgawo.

Sasa tuje kwenye lile ambalo rafiki yako amepatia.

Unasema alikuwa fundi wa simu tu, kwa hiyo hakujua. Katika jeshi zima, ndugu yangu, umemchagua mtu aliyesikia kuliko wengine! Amri zilipita kwenye waya zake. Taarifa za jioni zilipita kwenye waya zake: kijiji fulani kimemalizwa, idadi ni kadhaa. Na Belarus haikuwa mahali pa kukaa pembeni. Vita dhidi ya wapiganaji wa msituni huko vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vita dhidi ya wanakijiji. Tarehe 22 Machi 1943, miezi minne kabla Hamburg haijaungua, watu 149 wa kijiji cha Khatyn, nusu yao watoto, waliuawa, wengi wao wakichomwa ndani ya ghala. Waliofanya hivyo walikuwa polisi na kikosi cha SS, jeshi la chama cha Hitler, lakini vijiji vilivyochomwa nchini humo ni mamia, na jeshi la kawaida lilishiriki katika operesheni hizo, lililinda barabara, lilibeba nafaka na ng'ombe waliobaki.

Hadithi ya kwamba SS walikuwa wabaya na wanajeshi wa kawaida walikuwa safi ilienezwa sana baada ya vita, hasa na majenerali wenyewe katika vitabu vyao vya kumbukumbu. Wajerumani wengi waliishi nayo miaka hamsini. Mwaka 1995 taasisi moja ya utafiti ya Hamburg, mji uleule wa mhusika wako, ilianza kuzungusha maonyesho ya picha na nyaraka za uhalifu wa jeshi, picha nyingi zikiwa zimepigwa na askari wenyewe kwa kamera zao. Watu waliandamana kupinga. Watoto na wajukuu walisimama mbele ya picha wakitafuta nyuso za baba na babu zao. Mwaka 1999 maonyesho yalisimamishwa ili yakaguliwe kwa kuwa baadhi ya picha zilikuwa zimeelezwa vibaya. Yakarudi 2001 yakiwa yamesahihishwa, na hitimisho lake kuu halikubadilika. Nakueleza haya ujue kwamba ukiandika leo "hakujua", unaandika uongo ambao wajukuu wa watu hao wameshaukataa.

Kuna kitu ambacho sijui kama umekifikiria. Novemba 1941 Wayahudi wa Hamburg walipakiwa kwenye treni, wakapelekwa Minsk. Minsk ni Belarus, ndugu yangu. Waliwekwa ghetto, yaani mtaa uliofungwa wa Wayahudi, sehemu yao peke yao, wakifanyishwa kazi mjini, na wengi waliuawa. Ghetto lenyewe lilifutwa Oktoba 1943. Kama fundi wako wa simu alipita Minsk mwaka 1942, kuna uwezekano kabisa kwamba alimsikia mtu aliyebeba matofali akizungumza kwa lafudhi ya mtaani kwao. Lafudhi ya nyumbani haikosewi. Wewe ukimsikia mtu wa Tanga katikati ya soko la mji wa ugenini utageuka. Je, yeye aligeuka?

Na msichana naye mikono yake si safi. Hamburg ilikuwa na bandari na minada. Vitu vya Wayahudi waliopelekwa mashariki, na shehena za samani za Wayahudi wa Uholanzi zilizoletwa kwa meli, viliuzwa mnadani kwa bei ya chini, na wanunuzi walikuwa watu wa kawaida: akina mama wa mitaani, wafanyakazi wa bandarini, familia changa. Waliounguliwa na mabomu nao waligawiwa vitu vya namna hiyo. Kwa hiyo meza ambayo kondakta wako anamwandalia askari chakula, na rasimu yako imeisifu sana meza hiyo, imetoka kwa nani?

Sasa tupime njia zako. Kumfanya mpinzani wa siri si uongo, walikuwepo. Vijana wa Munich waliosambaza vipeperushi vya kumpinga Hitler, ambao wawili kati yao, Hans na Sophie Scholl, walikatwa vichwa pamoja na mwenzao tarehe 22 Februari 1943, walikuwa na wanafunzi wa udaktari waliokwisha kupelekwa Urusi na kuona. Lakini walikuwa wachache mno, na ukimweka askari wako humo utamwachia msomaji apumue mapema. Msomaji atasema, "Kumbe huyu ni wetu," na hatajiuliza tena kitu. Riwaya ya upinzani ni riwaya nyingine, yenye uzuri wake. Isiwe tu sabuni ya kumwoshea mhusika. Kuihamishia hadithi mwaka 1945, kwa askari wa Kimarekani na msichana wa Kijerumani, pia kunawezekana: mwanzoni askari hao walikatazwa hata kuzungumza na Wajerumani, wakaruhusiwa kidogo kidogo mwaka huohuo, na ruhusa ya kuoana ikaja Desemba 1946. Ungepata hadithi nyepesi zaidi. Sidhani kama ndiyo inayokukosesha usingizi.

Mimi ningemwacha alivyo: fundi wa simu, mpole, mwenye mapenzi ya kweli, anayejua. Huruma yako kwake haitakufa; itakuwa na uzito. Watu waliofanya maovu, au waliokaa kimya yakifanywa, walirudi nyumbani wakakumbatia wapenzi wao kwa mikono ileile. Hilo linatisha zaidi ya moto, na mwandishi anayelikwepa anamwibia msomaji.

Kuhusu mwisho wako wa Sweden, nina mashaka makubwa. Mahakama za jeshi la Ujerumani zilinyonga, zilikata vichwa na kupiga risasi watu wapatao 20,000 katika vita ile, wengi wakiwa watoro. Katika Vita vya Kwanza waliouawa na jeshi lao kwa hukumu walikuwa 48. Aliyemficha mtoro naye aliadhibiwa vikali. Kutoroka kulitokea, ila kwa kurasa tatu za mwisho hakuaminiki. Una mwisho mwingine mkononi na hujauona. Kikosi chake kiko Belarus. Tarehe 22 Juni 1944 jeshi la Kisovieti lilianza mashambulizi yaliyolivunja kundi zima la majeshi ya Ujerumani pale katikati, divisheni 28 zikaangamizwa kwa wiki chache. Maelfu kwa maelfu hawakuhesabiwa waliokufa wala mateka. Mke anaandika barua kwa anwani isiyo na jina la mahali, namba ya tarakimu tano tu, na barua zinaanza kurudi. Wafungwa wa mwisho walirudi kutoka Urusi mwanzoni mwa 1956. Mpaka hapo alikuwa mke, au mjane? Hakuna aliyeweza kumwambia. Ndoa ya siku chache, kungoja miaka kumi na miwili, na meza bado ipo.

Unauliza kama hii ni hadithi yetu. Vita ile Shaaban Robert aliitungia utenzi mzima ilipokuwa bado mbichi; hakuomba ruhusa ya mtu. Babu yako aliipigana Burma. Na ndani ya Ujerumani yenyewe alikuwepo Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana kama Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904, mtoto wa askari wa Kisudani. Alilitumikia jeshi la Wajerumani hapa kwetu akiwa mtoto bado. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara ambayo haikulipwa, akakataliwa. Akabaki. Alifanya kazi ya uhudumu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu, na Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajashika madaraka, alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Ukitaka kujua mapenzi yaligharimu nini katika nchi ile, na ni nani aliyelipishwa, weka maisha yake kando ya maisha ya askari wako. Mmoja alipewa posho ya ndoa, mwingine kambi. Si lazima Husen aingie kwenye riwaya. Lakini wewe ulijue hilo kila unapomwandika mwenzake.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyamaliza. Rasimu ikikamilika, mpe Mjerumani msomaji, mtu mzima, akae na wewe ana kwa ana mpite vyeo vya jeshi, majina ya mitaa, na namna watu walivyoamkuana. Maktaba za Goethe-Institut, taasisi ya utamaduni ya Ujerumani, Dar es Salaam na Nairobi ni mahali pazuri pa kuanzia. Usingizi ni jambo jingine. Ukiwa umekosa usingizi kwa usiku mmoja mmoja, iache sura ya moto wiki mbili, andika sura ya tramu, na uandike asubuhi badala ya usiku. Lakini kama ni wiki nyingi sasa, kama unaota maiti hao, au kama kuna moto na msiba wako mwenyewe ambao hukuuandika kwenye barua, tafadhali nenda hospitali ukaonane na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Usisubiri kitabu kiishe.

Na babu. Nimewahi kukaa na wazee wawili waliokuwa Keya. Walinionyesha medali, wakanielezea meli, mvua, ruba, chakula cha kopo. Nilipouliza zaidi, mmoja alisimama akaenda kumwagilia miche yake. Waliobaki wa kuulizwa kuhusu babu yako ni shangazi zako na mdogo wake kama yuko hai. Nenda ukae nao, bila daftari siku ya kwanza. Waulize alikuwa anafanya nini mikono yake inapotulia, alikasirika kwa sauti gani, alikataa kula nini. Kimya chake hicho ndicho askari wako anachokosa. Sasa hivi anaongea mno. Usiku wa tatu tu ameshamweleza msichana vita yote.

Mnyamazishe. Jioni ya tatu, baada ya king'ora kunyamaza, mkalishe mezani. Askari anatoa kwenye mkoba wake kitambaa cha mezani kilichotariziwa kwa uzi mwekundu, zawadi aliyoileta kutoka Belarus, kama askari wengi walivyofanya. Msichana anakitandaza juu ya meza ya mnada. Kinaenea vizuri. Yeye haulizi kitambaa kimetoka nyumba gani, naye askari haulizi meza imetoka nyumba gani, ingawa upande wa chini, anapoinama kuokota kijiko, anaona herufi mbili za jina zilizochongwa na mtoto. Anainuka, anamshika mkono. Andika sura hiyo kabla ya nyingine zote, kisha unitumie.